Sherehe ya Dagaa Isiyokuwa na Dagaa

Jumatatu, 18 Agosti

Nimefungua duka saa mbili. Mashine ya fotokopi imegoma tena, nimeipiga kofi la ubavuni ikaamka. Asubuhi nzima nachapa matangazo ya sherehe yetu. Ziwa lilifungwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Limefunguliwa Ijumaa, na mji mzima una hamu ya dagaa wabichi. Kamati yetu ya wafanyabiashara wa mjini kati imeamua: Jumamosi tarehe 6 Septemba tunafunga barabara kuanzia stesheni. Ngoma, mashindano ya kula ugali wa muhogo, na sufuria kubwa ya dagaa wabichi kwa mawese. Tarehe nimeichagua mimi, katibu. Ijumaa, siku moja kabla, ni Maulidi, watu watakuwa mapumzikoni, Jumamosi watatoka. Mwenyekiti, Mzee Ramadhani wa duka la vifaa vya ujenzi, alinipigia makofi kikaoni. Kichwa kimevimba mpaka leo.

Jumatano, 20 Agosti

Mama Esperansi kaja dukani. Ndiye mpishi wetu mkuu tangu sherehe hizi zianze. Kwao Burundi, ila alifika Kigoma akiwa mgongoni mwa mama yake. Anaanika dagaa Bangwe. Nikamwamkia, akaitikia, akalitazama tangazo ukutani. Anasoma polepole. Akamaliza, akanigeukia.

"Mwanangu, kesho yake Maulidi mwezi unakuwa umejaa. Wavuvi hawatoki. Dagaa wabichi utawatoa wapi?"

Maulidi ni siku ya kumi na mbili ya mwezi mwandamo, kila mtu anajua. Na kila mtu hapa anajua dagaa wanavuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukiwaka, taa haina kazi, wavuvi wanashona nyavu na kulala. Nusu ya kamati ni Waislamu, na hakuna aliyeyaunganisha hayo mawili. Wao angalau ni watu wa maduka. Mimi baba yangu alivua Kagunga mpaka mgongo ukapinda. Nilikua nikijua siku za mwezi kabla sijajua siku za wiki.

Nikamwambia nitamfikishia mwenyekiti.

Ijumaa, 22 Agosti

Sijamfikishia. Matangazo yameshabandikwa mpaka Mwanga na Ujiji. Mgeni rasmi amekubali. Nikisema sasa nitaonekana bwege. Labda baada ya ziwa kupumzika dagaa ni wengi hata mwezi ukiwaka. Najidanganya na ninajua.

Alhamisi, 4 Septemba

Jioni nimepita Kibirizi. Mitumbwi imevutwa mchangani. Wavuvi wanacheza bao. Mmoja kaniuliza kama nimepotea njia. Jua halijazama na mwezi ulikuwa umeshatoka, mkubwa.

Jumamosi, 6 Septemba

Aibu. Sijui nianzie wapi.

Ngoma zilikuwa nzuri, watu walijaa barabara nzima. Sufuria ipo mekoni, mawese yameyeyuka, vitunguu tayari, dagaa hakuna. Mama Esperansi alikuwa ameamka alfajiri kwenda mwaloni, mitumbwi inapotua, kujaribu bahati. Alirudi na beseni tupu. Tukakimbilia sokoni kununua dagaa wakavu, tukawaloweka. Na tangazo linaning'inia juu yetu kwa herufi kubwa, DAGAA WABICHI. Jamaa mmoja mbele akauliza kama siku hizi dagaa wanatoka ziwani wameshakauka. Kicheko.

Mshereheshaji naye, katika kujiokoa, akamtania mpishi kwenye kipaza sauti. Eti mama leo umelala, dagaa wamekukimbia. Mtaa mzima ukamcheka Mama Esperansi. Yeye akaendelea kukoroga. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwenye kile kipaza sauti. Hatua tatu tu. Nilijifanya napanga viti.

Jumatatu, 8 Septemba

Kikao cha tathmini. Mama Esperansi hakuja, ana homa. Mzee Ramadhani amefura. Anasema mgeni rasmi ametualika mara mbili kwake, na sisi tumemlisha dagaa wa kuloweka. Akauliza, huyu mama anaishi na dagaa, kwa nini hakutuambia? Kisha akanigeukia.

"Katibu, alikwambia chochote?"

"Hapana, mzee."

Lilinitoka kirahisi, kama naitikia salamu. Wakaamua kuanzia sherehe ya Desemba sufuria apewe Mama Anifa mwenye mgahawa. Hakuna aliyepinga. Nikaandika.

Najua sufuria ile ni nini kwa Mama Esperansi. Ni jina lake kutangazwa mjini kati, mpishi mkuu, watu wakipiga vigelegele. Huko Bangwe wapo wanaomwita mkimbizi mpaka leo, na hajawahi kulala kambini hata siku moja.

Jumatano, 10 Septemba

Nimechapa muhtasari. "Mpishi hakutoa taarifa kwa katibu kuhusu kukosekana kwa dagaa." Nimeisoma sentensi hiyo mara nne. Kiswahili safi kabisa. Mke wangu kauliza nina nini. Nimesingizia mashine.

Jumatatu, 15 Septemba

Mama Esperansi alikuja kikaoni. Kavaa kitenge kizuri, kakaa kiti cha mwisho. Nikasoma muhtasari kwa sauti. Nilipofika kwenye ile sentensi nikakohoa, nikaendelea. Mwenyekiti akasema wanaoukubali kuwa ni sahihi wanyooshe mikono. Ikapanda yote. Wa kwake ukapanda wa mwisho, taratibu.

"Ego," akasema, ndiyo ya kwao. Hakunitazama.

Mimi ndiye niliyehesabu mikono. Nimeandika kwamba muhtasari umethibitishwa na wajumbe wote.

Yule mama ananisitiri. Anamsitiri mtu kama mimi.

Jumanne, 16 Septemba

Mshenzi mimi.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimemwona sokoni. Nimejificha nyuma ya magunia ya maharage mpaka akapita. Mtu mzima na ndevu zangu.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimesema.

Nilisimama kabla ya ajenda ya kwanza. Nikawaambia Mama Esperansi alinionya dukani kwangu, zaidi ya wiki mbili kabla ya sherehe. Nikawaambia nilinyamaza, kisha nikadanganya. Yeye hakuwepo. Sasa usiku hauna mwezi, dagaa wamefurika, yuko kazini.

Halafu Mzee Ramadhani akatabasamu.

"Katibu, una roho nzuri. Lakini usijitwishe makosa ya watu."

Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Jirani yangu akanipigapiga begani. Nikarudia. Nikaapa. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyonisifu, kwamba vijana wenye huruma hivi wamekwisha. Mama Anifa akasema Mungu atanilipa. Nilitamani sakafu ipasuke.

Uamuzi umebaki uleule. Mwenyekiti kaniagiza niandike kuwa katibu amemwombea radhi mpishi. Nimegoma. Nimeandika nilichokisema, neno kwa neno, na yeye amekataa kutia saini. Karatasi iko hapa mezani. Sijui niipeleke wapi.

Jumamosi, 27 Septemba

Bangwe, saa nne asubuhi. Chanja za kuanikia dagaa zimepangwa mpaka karibu na maji. Mama Esperansi alikuwa anawageuza peke yake. Nikamwamkia. Nikamweleza yote, nilivyomkana mbele ya kamati, na nilivyosema ukweli Jumatatu wakaona namtetea tu. Alisikiliza huku mikono ikiendelea. Mwisho nikamshukuru kwa kunisitiri siku ile ya kunyoosha mikono.

Hapo akaacha kazi.

"Sikukusitiri. Ningekataa, nani angeniamini? Wewe katibu wao umesema mwenyewe kosa ni lako, na bado wameona ni langu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayenielekeza njia. Kumbe karibu wiki mbili nilikuwa nimejipa faraja ya wema wake, na wema wenyewe haukuwepo. Alinyoosha mkono kwa sababu anaujua mji huu kuliko mimi.

Nikaomba msamaha. Akanitazama, kisha akatazama chanja.

Akaniambia nisogee, nawazibia dagaa jua. Nikasogea.