Mchoro wa Magugu

Jumapili, 9 Machi. Ihanja
Darasa la Biblia tena baada ya ibada. Mfano wa magugu. Nikachora ubaoni kama kwenye tasnifu yangu ya sitiari: shamba huku, ulimwengu kule. Ngano, watu wema. Magugu, waovu. Mistari katikati. Nikawaambia sitiari si pambo la maneno, ndiyo njia yenyewe tunayofikiria. Mzee Elia, mwenyekiti wa baraza la wazee, alinakili kila kitu. Nikajivuna.

Jumanne, 11 Machi. Utemini
Mama kapiga simu nikitoka kufundisha. Mdogo wangu Joyce, binti wa mama mdogo, katolewa kwaya. Jumapili anatengwa na kanisa. Ana mimba, hana mume. Mzee Elia aliwaonyesha wenzake mchoro wangu: "Mwalimu katueleza. Magugu ni watu."
Sijala.

Jumatano, 12 Machi
Nimeusoma mfano mara sita. Mwenye shamba alikataza kung'oa magugu kabla ya mavuno! Mzee Elia kaliruka hilo. Na mimi nililiruka. Nilikuwa na haraka ya kumaliza mchoro.
Msimamizi wangu wa chuo kaandika kwamba sura ya tasnifu yenye mchoro huo ni nzuri. Aibu.

Ijumaa, 14 Machi. Ihanja
Nimemkuta mama mdogo anapalilia mtama. Shikamoo yangu kaiitikia bila kuinua uso. Nikachukua jembe, tukapalilia pamoja. Baadaye akanionyesha mtama pori. Ukiwa mchanga huutofautishi na mtama wenyewe, mpaka utoe suke.
"Ila huo hata uusubiri vipi, hauwi mtama," akasema. "Mwanangu siyo jani."
Nikasimama. Kumbe hapo ndipo nilipokosea. Si yote ya shambani yanavuka kwenda kwa watu. Jani halitubu. Jani haligeuki.

Jumapili, 16 Machi
Nilisimama kabla ya matangazo. Nikasema mchoro ule ni wangu na una kasoro, nikaeleza ya mtama pori.
Mzee Elia akaja juu. "Mwalimu, unapindisha Neno."
"Mzee wangu, nililipindisha Jumapili iliyopita."
Mchungaji akaahirisha tangazo la kumtenga Joyce. Nimetoka na kichwa kinauma. Nusu ya kwaya haikunisalimia.

Jumamosi, 22 Machi
Baraza limefuta adhabu. Joyce harudi kwaya. Anasema hawezi kuimba huku watu wanamhesabia miezi.
Nilimwomba msamaha. Akanisogezea kigoda, tukachambua mlenda mpaka ungo ukajaa. Kisha akashika mkono wangu, akauweka tumboni, mahali mtoto anapocheza.