Taya la Zuena

Mwaja, shoga yangu, nimemzuia mlangoni mpagazi anayekuja huko kwenu, nikuandikie. Nimeaibika!

Tulikuwa tukitafuna buni za kahawa na mgeni, yule mganga wa viungo wa Nyabiyonza. Zuena, mke mwenzangu, akapiga mwayo, taya likateguka!

Mganga akazungushia vidole gumba kitambaa, akakandamiza magego, akasukuma nyuma. Likarudi. Akasema ale vyakula laini.

Seif mume wetu akaenda kumpondea ndizi. Seif! Kuponda ndizi!

Nikasema, "Langu nalo linauma kila asubuhi."

Mganga akanishika mashavu: "Wewe unasaga meno usingizini. Punguza wivu."

Wivu! Mbele ya Seif, karudi na bakuli lake la ndizi!

Zuena akacheka. Likateguka tena.

Seif akanitupia bakuli, akamkimbilia.

Shoga, zile ndizi nimezila mimi. Zote.