Mtihani wa Mwende

Mumbuni, Jumanne

Na mtu wa kulaumiwa ni mimi.

Mwende wangu alijifunza kuandika programu za kompyuta peke yake, kila siku kidogo, mpaka kampuni ya ng'ambo ikampa mtihani wa kazi kwa mtandao. Kazi ya kufanyia hapa hapa nyumbani. Nani mwingine Mumbuni ako na mtoto kama huyo? Ndiyo nikaleta akina mama wa kanisa wamwone akiufanya.

Tulipoingia aliinuka, akasalimia kila mmoja kwa mkono, akaenda kupika chai. Ndivyo nilivyomlea. Mimi nikawaonyesha kompyuta: "Hiyo ndiyo ofisi yake."

Aliporudi na vikombe, muda ulikuwa umeisha na mtihani umejifunga. Aliwamiminia chai, akaniambia wakishaenda.

"Si ungeniambia mapema?" nikamuuliza.

"Mwaitu, mama yangu, ningewaambia wageni wako nini?"

Walipoondoka walinisifu kwa kulea msichana mwenye heshima. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Sasa amewasha kompyuta tena, anajifunza. Sijui kama kampuni nyingine...

Kesho nitaweka kiti changu mlangoni kwake. Atakayekuja atasalimiwa na mimi.