Sura ya Mwisho Iliyofungiwa Kahawa

Hamugembe, Bukoba
Jumatatu, baada ya kazi

Dada yangu Sabina,

Shikamoo. Nakuamkia nimepiga magoti, maana barua hii ina kosa ndani yake na mkosaji haamkii amesimama. Hujambo lakini? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia? Na shemeji, mguu wake umeachana na fimbo au bado wanaongozana? Huku mimi sina homa wala kikohozi. Nakula ndizi asubuhi, mchana na jioni, na mkanda wa suruali umebakiza tundu moja tu. Kiwandani mashine ya kukoboa kahawa ilinigomea wiki mbili nzima, nikaifungua yote nikaitandaza sakafuni, nikakuta kijiwe kidogo kama punje ya mahindi kimekwama ndani. Sasa inaimba.

Ningekupigia simu, lakini wewe ukishika simu unakimbizana na salio hata kama aliyepiga ni mimi, na habari hii haitaki mbio.

Dada, hadithi yetu ni nzuri! Kitabu cha pili ni kizuri kuliko cha kwanza, na unajua mimi kusema hivyo si jambo dogo. Rafiki yangu wa Dar alikinunua wiki ile ile kilipotoka, akanitumia kwa basi. Nilipokipokea pale stendi sikungoja kufika nyumbani; nilikaa juu ya gunia la mtu nikasoma kurasa thelathini, mpaka mwenye gunia akaja kulidai. Tangu niko darasa la tano nakisubiri, sasa nina ndevu. Watu wa kiwandani wananicheka, fundi mzima nasoma habari za watoto wanaozungumza na mbuzi. Nawaambia wakicheka wacheke, mimi nimefika kwenye mji ambao vivuli vya watu vikichoka hukaa chini kupumzika, na mwenye kivuli hana budi kusubiri.

Yule mbuzi bado yupo! Bado anasema uongo siku za soko tu, siku nyingine mkweli kama padri. Yule mtoto Mwaka amekua, ulimi wake ndio usiseme. Kheri bado mbishi, kila mlango anaouona lazima ausukume kwanza ndipo aulize ni wa nani. Wawili hao wamevuka ziwa lisilo na maji, wamedanganya wafalme wawili, na kila wanapofika wanauliza swali lile lile: dada yetu Chiku yuko wapi?

Unakumbuka kitabu cha kwanza kilivyoishia. Chiku ameegemea ule mlango wa jiwe kwa mgongo ili wadogo zake wapite, wakapita, mlango ukafunga, yeye akabaki upande wa pili. Ulikuwa unanisomea pembeni ya vichanja, mimi nageuza kahawa ya Baba juani. Ulipomaliza ulifunga kitabu ukasema, "Basi. Na mimi ndiyo hivyo," ukaenda kuinjika ugali. Ulikuwa mwaka ule Mama alipofariki, nawe ukaacha shule ili mimi na mdogo wetu Fotunata tuendelee. Mimi nilidhani umechoka tu. Nilikuwa mtoto, dada, nisamehe, sikujua ulikuwa umesema nini.

Ndiyo maana nilipokupigia kukuambia kitabu kimefika na ukanyamaza, nilielewa. Halafu ukasema maneno yako: "Kisome, lakini sura ya mwisho usiiguse. Kitume kwa basi, mimi nitakusomea kwenye simu kama zamani. Wewe kuja najua huna nafasi." Nikaahidi.

Sasa sikiliza kosa.

Mimi najijua. Kuniachia sura ya mwisho mezani ni kumpa fisi bucha alinde. Kwa hiyo nilichukua wembe, nikaitoa taratibu, karatasi saba, gundi yenyewe ilikuwa dhaifu. Nikampelekea mama mwenye nyumba, Ma Justa, nikamwambia, "Mama, nifichie hizi. Hata nikilia usinipe, mpaka siku ya kuzituma kwa dada yangu."

"Waitu, kwani ni hati za shamba?" akaniuliza; waitu huku ndiyo jamani yao.

"Ni mwisho wa hadithi."

Akaniangalia kama mtu anayetafuta homa, lakini akazichukua. Sasa Ma Justa anauza kahawa za kutafuna, zile huku wanaziita akamwani. Sisi Mbinga tunailima kahawa, tunaiuza, hatujawahi kufikiria kuitafuna. Hawa wanaichuma, wanaichemsha na majani yake, wanaikausha na maganda yake, na mgeni akiingia nyumbani anapewa atafune hata kabla hajasema kilichomleta. Ma Justa anayo meza yake pale njia panda, anafunga kahawa kwenye karatasi zilizokunjwa kama pembe. Na sura yetu aliificha wapi? Kwenye kapu la karatasi za kufungia! Nilipomuuliza baadaye alinijibu bila wasiwasi wowote: "Mwizi wa karatasi hawezi kwenda kutafuta kwenye kapu la karatasi. Ningeziweka chini ya godoro, ungezipata siku hiyo hiyo."

Kweli ningezipata. Tatizo, alikwenda Kagondo kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yake, akamwachia meza wifi yake bila kumwambia neno.

Jumamosi mchana natoka kazini, nikapita pale nikanunua kahawa, maana siku hizi na mimi natafuna, usimwambie Baba Mdogo. Nafungua pembe yangu, naona maandishi: "Mwaka akasimama, akamtazama dada…" Hapo nikafumba macho! Nilisimama njia panda ya Hamugembe nimefumba macho, kahawa zinamwagika, wifi anaita watu kwamba fundi ameshikwa na kifafa.

Nilipopata sauti nikamweleza. Masikini, alitaka kulia. Tukapekua kapu, tukakuta karatasi tatu hazijatumika. Pamoja na yangu, nne. Akakaa akakumbuka wateja wake mmoja mmoja, na kwa kuwa huku mnunuzi wa kahawa hanunui akaondoka, lazima aseme anakotoka, anakokwenda na ng'ombe wa jirani amezaa nini, alizikumbuka zote tatu zilizobaki.

Ya kwanza alikuwa nayo Ta Projestus wa bodaboda, mzee mwenye masharubu anayeegesha pale pale. Alikuwa ameisoma mbele na nyuma.

"Fundi, huyu Kheri ni mpumbavu sana," akaanza. "Mbuzi amemwambia leo ni siku ya soko, yeye bado…"

"Usiniambie!"

"Sikuambii. Nasema tu mimi ningekuwa Kheri, nisingepita kule kwenye…"

Niliziba masikio nikaimba wimbo wa kanisani kwa sauti, ule wa matoleo, ubeti wa kwanza mpaka wa tatu. Watu walijaa. Ta Projestus akanipa karatasi, lakini kwa sharti kwamba anipeleke yeye kutafuta zilizobaki, kwa sababu na yeye sasa hawezi kulala bila kujua. Njia nzima ya Kagondo alikuwa anageuza shingo kutaka kuniambia, na kila akigeuka mimi naimba. Karatasi ya huko ilikuwa kwa fundi cherehani. Ameandika vipimo vya gauni la bibi harusi pembezoni, kifua, kiuno, urefu wa mkono, kwa kalamu nyekundu. Utakapofika ukurasa huo usishangae, Chiku hajanunuliwa gauni.

Ikabaki moja. Ya saba, dada, karatasi ya mwisho kabisa. Wifi alisema aliinunua bibi mmoja wa Muleba, Ma Koleta, aliyekuja mjini kwa daktari wa macho, na kahawa ile ilikuwa ya kukaribishia wageni wake. Jumapili baada ya misa nikapanda basi kwenda Muleba, zile sita nimezibeba kwenye mfuko. Nilipomtaja tu mbele ya maduka, mwanamke wa kwanza akanionyesha nyumba yake juu ya barabara, katikati ya kibanja cha migomba.

Nilimkuta nje, amekaa mkekani. Nikamsalimia, nikaanza moja kwa moja, "Bibi, nimekuja kwa ajili ya karatasi…"

"Karatasi haina miguu," akasema. "Kaa. Mgeni anatafuna kwanza."

Akaingiza mkono kwenye kikapu akatoa pembe yetu, imejaa kahawa. Akaifungua mapajani taratibu, akanipa punje mbili. Nikawa natafuna huku naona neno MWISHO limechungulia chini ya kidole gumba chake. Nilitafuna kahawa ile kama mtu anayetafuna misumari. Akaniuliza kwetu wapi, wazazi wako hai, huko Mbinga ndizi zipo, nimeoa, kwa nini sijaoa. Nilijibu yote. Ndipo akaniuliza karatasi ina nini.

Nilipomwambia ni mwisho wa hadithi, uso wake ukabadilika. "Mimi nilikuwa msomaji," akasema. "Nimesoma mpaka vitabu vya watoto wangu, wakivileta likizo. Sasa macho yamejaa ukungu. Tangu nimeifungua hii namuuliza kila anayepita anisomee, wote wana haraka. Nisomee, kisha uichukue."

"Bibi, siwezi. Nimemwahidi dada yangu sitaisoma."

"Usiisome wewe," akasema. "Nisomee mimi."

Dada, ningefanyaje? Wewe ungefanyaje? Nilishaitafuna kahawa yake. Nikamwambia lakini hutaelewa, huu ni mwisho tu. Akasema basi anza mwanzo. Nikaanza mwanzo kabisa, kitabu cha kwanza, mlango wa jiwe, mbuzi na uongo wake, nikamsimulia kama ulivyokuwa ukinisimulia mimi, mpaka sauti zako nikazitumia, ile nene ya mfalme na ile ya puani ya mbuzi. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Jirani zake wawili wakaja na ndizi zao wakamenyea pale pale. Tukala ndizi na maharage, nikaendelea. Jua lilipoanza kuegemea migombani nikafika mwisho wa karatasi ya sita, nayo nilikuwa nimeshaisoma kwa ajili yao, pamoja na vipimo vya bibi harusi. Ahadi ilikwisha kuvunjika vipande sita, nikaona hata nikikiacha cha saba haitaunganika. Nikamsomea.

Nilipomaliza, Ma Koleta akaomba nirudie mistari ya mwisho, nikarudia.

"Na huyu dada yako uliyemwahidi," akaniuliza, "mmeonana lini?"

"Krismasi tatu zimepita."

"Na kitabu unampelekea lini?"

Nikasema nitakituma kwa basi, Alhamisi, kondakta namfahamu, ni mwaminifu. Yule bibi alichukua karatasi mkononi mwangu, akaifuta vumbi la kahawa kwa kiganja, akaikunja mara mbili, akanirudishia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Waitu, dada amekaa miaka yote hiyo, halafu unamtumia kondakta."

Nimerudi Bukoba na maneno hayo nimeyapakata njia nzima. Nitakuambia ukweli, dada. Mwaka wa kwanza sikuja kwa sababu ya kazi. Mwaka wa pili nilinyimwa likizo. Mwaka wa tatu likizo nilipewa, nikaikaa hapa hapa Hamugembe, nikakuambia nimekosa. Niliona aibu. Wewe uliacha shule nikasoma mimi, na nilitaka siku nitakayorudi nije na kitu kikubwa kinacholingana na hicho, na kila mwaka sikuwa nacho. Ujinga mtupu. Wewe hukuwahi kuniomba kitu chochote isipokuwa nisiguse sura moja, na nayo nimeigusa.

Kwa hiyo leo asubuhi nimekwenda kwa msimamizi kabla hata mashine haijawashwa, nimeomba likizo, nimepewa. Kitabu hakipandi basi peke yake. Karatasi zote saba ninazo, nimezipiga pasi, zinanukia kahawa. Walichokikuta Kheri na Mwaka nyuma ya ule mlango sikuandikii hapa, hata ukinisimanga. Utanisomea mwenyewe kwa sauti zako zote, nami nitakaa kimya kama sijui, na ukiniona natokwa na machozi mapema usinitanie.

Nisalimie shemeji, na fimbo yake kama bado ipo. Fotunata, kitinda mimba wetu, mwambie asome mpaka kitabu cha kwanza kiishe kabla sijafika, la sivyo atakaa nje. Baba Mdogo mwambie nakuja na senene wa kukaanga, asikunje uso kabla hajaonja. Shangazi wa Mbamba Bay namwamkia kwa heshima zote. Watoto wako wape habari ya mbuzi tu, yaliyobaki wasubiri. Ma Justa na Ta Projestus wanakusalimu bila kukujua. Ta Projestus amenishika shati, anataka nikuandikie kwamba Kheri angemsikiliza mbuzi.

Nitafika wiki ya Krismasi, nitakuwa nimelala Dodoma na Songea. Usije stendi kunipokea, hata nikichelewa, hata mvua ikinyesha. Tangu utoto ni wewe unayetoka kunifuata mimi. Safari hii kaa, nikufuate.

Mdogo wako mvunja ahadi,
Deo