Nyumba Iliyoipa Barabara Mgongo

Jumatatu, 3 Juni. Giteranyi
Babu, kikaragosi changu, kapasuka kichwa tena. Kigunzi cha muhindi kilikuwa kibichi. Nimemchongea kingine huku maharage yakiungua. Tamasha la vikaragosi Gitega ni Ijumaa, nami bado nagombana na gundi. Jukwaa langu ni katoni ya sabuni. Ndani yake nyumba ya kwao mama, Bugendana, kama alivyonisimulia kambini Tanzania. Sijawahi kuiona. Mama aliapa kwao hakubaki mtu, akafa akiamini hivyo. Katoni hii ndiyo ukoo wangu wote.

Jumatano, 5 Juni
Hadija, fundi cherehani wa Muyinga mjini, kaleta nguo za vikaragosi, za Babu na za Mama. Kuona nyumba, kacheka mpaka kakaa chini. "We, iyi nyumba iko inapatia barabara mugongo! Geuza mulango!" Sigeuzi ng'o. Babu wa kweli aligombana na jirani wa ng'ambo ya barabara juu ya mtungi wa pombe ya ndizi, akaziba mlango wa mbele, akatoboa ukuta wa nyuma. Mama hakuwa mwongo. Nimekasirika.

Ijumaa, 7 Juni. Gitega
Babu alipoanza kuziba mlango, watu walicheka. Bibi mmoja akasimama, akaja mpaka mezani, akalitaja jina la babu. Jina la kweli. Mimi sikulitaja popote! Akasema yeye ni binti yake. Ni mama mkubwa, dada yake mama. Yu hai, Mungu wangu. Watu wakadhani ni mchezo, wakapiga makofi. Nilitaka kuwatukana.

Nikamwambia mimi ni nani. Akarudi nyuma kama kaona mzuka. Waliambiwa mto Ruvubu ulitumeza, mama na mimi mgongoni. Walishakaa matanga yetu, wakayamaliza. Nimesimama pale na kigunzi mkononi, marehemu.

Halafu akanishika uso. Kama wewe umefika, akasema, basi na mama yako yuko njiani. Sikumwambia kuwa mama amekufa. Mwoga mimi.

Jumamosi, 8 Juni. Bugendana
Nyumba ipo! Imeipa barabara mgongo, vilevile. Nikakaa chini vumbini.

Mama mkubwa katandika mikeka miwili. Wangu na wa mama.

Jumapili, 9 Juni
Nimemwambia asubuhi, kabla ya kanisa. Hakulia. Alisema machozi ya mdogo wake aliyamaliza zamani, kumbe siku zile alikuwa hai. Akamtoa Mama wa kigunzi katonini, akamlaza juu ya mkeka wake, akamfunika kitenge. Mlango wa nyuma ameuacha wazi.