Maneno Matano Niliyomfundisha Dada Yako

Karakana ya milango,
nyuma ya duka la rangi.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa tatu.

Mpendwa shemeji yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, zikukute mzima, wewe na wanao, na huo mgongo wako uliouma tangu ujana kila kazi ilipotajwa. Sisi huku tunapumua. Mimi bado naranda mlango mzima bila kukaa, vijana wa leo wanakaa mara tatu. Mwandiko wangu uuvumilie. Shule niliiacha mapema, lakini hakuna mlango niliotengeneza ukagoma kufunga.

Dada yako mwili hajambo. Kichwa ndicho chenye maneno, na ndiyo maana naandika nimesimama. Nikikaa nainuka.

Nilikwambia kwenye simu kwamba hospitali wanafanya utafiti wa watu wanaosahau. Kila miezi mitatu wanampima dada yako, na mimi wananipima pia, wapate mzima wa kumlinganisha naye. Nilipata ishirini na nane kwa thelathini. Mbili walizonikata ni za tarehe, na mpaka leo nasema kalenda yao ndiyo mbovu.

Anayepima ni binti mmoja, mimi namwita Bi Kalamu. Anakutajia maneno matano: kiatu, daraja, shangazi, njano, mkeka. Anakuchorisha saa, anakupigisha hesabu za kurudi nyuma, halafu anakugeukia: haya, yale maneno? Dada yako, aliyekuwa na vipimo vya nguo za wateja sitini kichwani bila daftari, alikumbuka moja. Akanitazama. Shemeji, niliona aibu kana kwamba nimevuliwa nguo hadharani.

Basi nikafanya kama nilivyofanya kwa mafundi wote niliowafunza. Mkono ukirudia mara mia, haukosei. Maneno yao ni yaleyale kila safari, kwa hiyo nikamshika dada yako asubuhi na jioni: kiatu, daraja. Saa nikamchorea kwenye ubao kwa penseli yangu, akawa anaifuatisha kwa kidole. Siku moja akanigomba: "Mimi niliolewa, sikuandikishwa shule." Nikamwambia fundi hafunzwi kwa kubembelezwa. Tukaendelea.

Safari iliyofuata akayasema yote matano. Nilitoka pale kifua mbele kama jogoo.

Wiki mbili baadaye wakatuita. Bi Kalamu akasema hongera mzee, mama amepanda alama. Daktari naye akasema kama amepanda, basi pengine ubongo hauna ugonjwa, ni huzuni tu ya kufiwa na mdogo wenu, maana huzuni ikizidi nayo husahaulisha. Wakamwondolea vidonge vya usahaulifu, wakampa vya huzuni. Na kwenye utafiti, wakasema, hana haja ya kurudi.

Siri ya masomo yetu nikaondoka nayo. Mimi, ambaye hujawahi kuniona nikificha neno. Nikarudi karakana, nikaranda mlango wa mteja mpaka ungeweza kusoma gazeti upande wa pili. Usingizi ukawa wa kuvizia.

Jumatano nikamkuta dada yako kwenye cherehani, gauni la mteja mbele yake, mikono yote miwili ameikata ya kushoto. Nikamuuliza, mama watoto, kulikoni? Akanyoosha mgongo kama mwanafunzi, akasema taratibu: "Kiatu, daraja, shangazi, njano, mkeka." Kisha akangoja nimsifu.

Alhamisi sikupanga foleni. Niliingia moja kwa moja nikamwambia Bi Kalamu kila kitu.

"Mzee," akasema, "kumbe safari iliyopita tulikupima wewe mara mbili."

Nikamjibu basi mmepima kichwa kizuri. Hakucheka. Akatoa karatasi yenye maneno mengine, mimi nikawekwa nje kwenye benchi, mlango ukafungwa. Mlango wenyewe mbovu, bawaba zimelegea, kwa hiyo nilisikia kila alipokosa.

Alama kumi na moja. Tangu nizaliwe sijawahi kushukuru mtu wangu kushindwa, siku ile nilishukuru. Vidonge vyake amerudishiwa, na utafiti wamemrudisha. Karatasi yangu ya ishirini na nane wameipiga mstari. Wanasema siwezi tena kuwa mzima wa kulinganishwa naye. Hilo limeniuma, nisikufiche.

Sasa shida yangu kwako. Daktari anataka mtu aliyemjua kabla yangu. Shuleni alikuwaje? Aliwahi kuanguka akaumia kichwa? Bibi yenu naye alisahau watu uzeeni? Mimi nilimpata ana miaka kumi na tisa, tayari anashona, tayari ana ulimi. Aliyebaki wa kuyajua ya nyuma ni wewe tu.

Nimemuuliza dada yako nikuandikie nini kutoka kwake. Amesema uwahi kurudi nyumbani, mama atakufokea.

Nisalimie mkeo, na mwanao wa kwanza aliyerithi pua yangu bila damu yangu, na shangazi mzee wa mkeo kama bado anagombana na majirani. Mungu akulinde, akuachie kumbukumbu zako zote, hata zile za kukuaibisha.

Hospitali watakupigia Jumanne, tarehe 18, asubuhi. Namba yako nimewapa bila kukuomba. Ukitaka kukasirika, kasirika ukishawajibu. Najua unampenda, na ampendaye mtu humpamba. Usimpambe. Kama hesabu zilimshinda, sema. Kama alianguka, sema, hata kama aliyemsukuma ni wewe.

Wako akupendaye hata ukinuna,
Fundi Milango