Inchi Mbili Chini

Matogoro, Songea
4 Machi 2024

Mwanangu mpendwa Anjelika,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Mimi ni mzima, kifua kile cha Januari kimeniachia. Wewe na wajukuu zangu mnaendeleaje na mvua za Mbeya?

Najua utauliza kwa nini baba asipige simu. Masikio haya yameliwa na injini za dizeli miaka thelathini. Ukisema nne nasikia nane, na jambo hili ni la vipimo. Kondakta wa basi ameahidi kukufikishia barua dukani.

Nataka springi mpya za Land Rova. Hizi alizonifungia fundi Athanasi mwaka ule nilipoinyanyua gari inchi nne zinarusha mno. Ile njia ya kuingilia shambani Madaba, gari inaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Huko kwenye duka la spea mnazo za kila namna, nitafutie zilizo laini. Na gari ishuke kidogo, kama inchi mbili hivi.

Ni mimi,
Baba yako Romwaldi


Mbeya, 12 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Mjukuu wako Remmy ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa kila akiongea anapiga mluzi bila kutaka.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikidhani umekosea. Ishuke? Wewe uliyemwambia paroko kwamba kushusha Land Rova ni sawa na kumkata fahali pembe?

Haya, tuache utani. Springi haichaguliwi kwa sifa, Baba, inachaguliwa kwa mzigo. Hizo ulizonazo zilitengenezwa kwa gari yenye winchi mbele na shehena juu ya paa siku zote. Gari yako haina uzito wa kuziminya, ndiyo maana inarusha. Lakini nikikupa laini mno, siku ukipakia mahindi italala hadi chuma kigonge chuma.

Kwa hiyo fanya hivi. Simamisha gari mahali tambarare, tangi likiwa limejaa. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake, magurudumu yote manne. Pima mara mbili: kwanza ikiwa tupu, halafu ikiwa na mzigo wake wa kawaida, ule wa siku nyingi. Usishushe kitu, usiongeze kitu. Ukinidanganya mzigo, nitakuchagulia springi za gari ya mtu mwingine.

Mwanao,
Anjelika


Matogoro, 27 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie Remmy babu naye amebakiwa na machache, tutapiga mluzi wote.

Vipimo ni hivi, kwa sentimita. Ikiwa tupu: mbele kulia 55, mbele kushoto 55; nyuma 56 na 56. Ikiwa na mzigo: mbele kulia 54 na nusu, mbele kushoto 53 na nusu, nyuma 54 na 54. Nimepima mwenyewe nikiwa nimepiga magoti, suruali ya Jumapili imechafuka.

Mzigo ni vitu vidogo vidogo tu vya shamba.

Baba yako


Mbeya, 3 Aprili 2024

Shikamoo Baba. Pasaka ilikwendaje? Sisi tulikula kuku hadi tukasinzia.

Karatasi yako nimeiweka juu ya kaunta nikaitazama asubuhi nzima. Ikiwa tupu, pande zote ziko sawa, kwa hiyo hakuna springi iliyochoka. Ikiwa na mzigo, nyuma imeshuka sawasawa kulia na kushoto. Hayo ni magunia, naelewa. Lakini mbele, kushoto imeshuka mara tatu ya kulia. Dereva anakaa kulia, na dereva mwenyewe alikuwa chini amepiga magoti anapima.

Sasa niambie, Baba. Mzigo gani wa kawaida unakaa kiti cha mbele kushoto, una kama kilo themanini, na hauwezi kuvumilia springi ngumu wala gari iliyo juu? Gunia la mahindi haliombi kushushiwa gari.

Nauliza kwa upendo,
Mwanao


Matogoro, 14 Aprili 2024

Mwanangu Anjelika,

Natumaini mko salama. Barua yako niliisoma nikacheka hadi nikakohoa.

Anaitwa Lidwina Mbano. Ni mjane anayekaa Mjimwema, na shamba lake la Madaba linapakana na letu. Tulianza kwa kusaidiana usafiri msimu wa mbolea, mwaka juzi. Siku ya kupima nilimwambia, "Kaa hapohapo, usishuke, nataka vipimo vya kweli."

Akasema, "Romwaldi, unanipima kama gunia?"

Nikamwambia binti yangu ameagiza mzigo wa kawaida. Akanijibu, "Basi mwandikie kwamba mzigo una jina." Sikuwa na ujasiri huo.

Goti lake moja ni bovu. Jumatano ya Majivu, nje ya kanisa, alikuwa anapanda gari akateleza akaanguka chali, majivu bado yako kwenye paji la uso, watu wanatazama. Hakulia. Alijipangusa vumbi akasema twende. Aliyelia ni mimi, njiani, nikisingizia mdudu jichoni. Ndiyo maana nilikuandikia habari ya springi.

Tungependa kufunga ndoa mwezi wa nane. Mama yako ana miaka mitatu kaburini, na nyumba hii ni kubwa kwa mtu asiyesikia vizuri. Nilipaswa kukuambia mapema. Nisamehe, na unijibu.

Baba yako


Matogoro, 2 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Wiki saba sasa, kila jioni nakwenda stendi, kondakta ananiona kwa mbali anatikisa kichwa. Dada yangu Benigna amepiga simu huko, akaniambia kwamba nyote ni wazima, nikamshukuru Mungu. Basi ni kimya cha hasira, si cha ugonjwa.

Habari ya springi iache. Nimemwambia Lidwina tusubiri, maana sitaki kupata mke nikapoteza mtoto. Akasema, "Mwache amlilie mama yake. Mimi sina haraka, nina goti tu."

Niandikie hata tusi, mwanangu.

Baba


Mbeya, 12 Juni 2024

Shikamoo Baba.

Tu wazima. Sikuwa na tusi, nilikuwa na swali, na kila nikiliandika nalichana.

Sina ugomvi na huyo mama. Simjui. Lakini Mama alipanda gari hiyo miaka kumi na minane. Alikuwa mfupi kuliko sisi wote. Alipanda akiwa na mimba ya mdogo wangu, alipanda mgongo ukimuuma, na hukuishusha hata nusu inchi. Leo mtu mwingine ameanguka mara moja tu, na umeniandikia barua siku ishirini hazijapita.

Kwa nini kwake iwezekane, na kwa Mama isiwezekane?

Anjelika


Matogoro, 23 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu. Barua yako nimekaa nayo siku nne. Swali lako ni la haki, nitakujibu bila kujipamba.

Mama yako hakuwahi kuniomba niishushe. Lakini hilo si jibu, kwa sababu nilikuwa na macho. Kila Jumapili nilimwona akishika kiti kwa mikono miwili, anavuta pumzi, halafu anajirusha. Akifika juu anacheka. Nikakiamini kile kicheko, maana kilinifaa. Mwaka wake wa mwisho aliacha kwenda Madaba, akasema amechoka na jua. Sikumuuliza. Watu mjini walikuwa wakisimama kuitazama gari yetu, na mimi nilipenda kutazamwa.

Lidwina alipoanguka pale kanisani, sikumwona yeye peke yake chini. Nilimwona na mama yako pia, Rosemary wangu, Jumapili zote zile. Ndipo machozi yalipotoka. Hilo sikukuandikia mwezi wa nne kwa sababu nilikuwa na aibu.

Kosa nililomfanyia mama yako siwezi kulirekebisha kwake. Naomba tu nisilifanye mara ya pili.

Nilimsomea Lidwina barua yako yote. Akasema, "Huyo mtoto amesema kweli. Kama mwanangu asingenitetea hivyo, ningesikitika." Mdogo wako Emanuel naye nimemwandikia, kwa maneno hayahaya.

Uamuzi wako wowote nitaupokea. Mimi ni baba yako na nitabaki kuwa baba yako.

Romwaldi


Mbeya, 4 Julai 2024

Baba yangu, shikamoo.

Sisi wazima, baridi tu inatutesa, watoto wanaoga kwa kugombezwa.

Nililia niliposoma, na mteja alikuwa mbele yangu anasubiri bolti. Nilikuwa nataka unikatalie kosa, ili niendelee kukasirika. Hukukataa.

Leo kondakta amepokea maboksi mawili. Springi za mbele ni laini, zinanyanyua inchi mbili tu badala ya nne. Yenye alama nyekundu ni ndefu kidogo, ifungwe kulia, upande wa dereva, maana dereva yumo siku zote. Fundi Athanasi asizibadilishe. Za nyuma nimekupa ngumu kiasi, kwa sababu mahindi ni mahindi. Zile shokapu zako ndefu hazitafaa tena, nimeweka fupi nne. Akishafunga, endesha wiki nzima kabla hujapima, springi mpya hukaa sawa taratibu.

Kusema kweli nilizichagua siku ileile nilipopata barua yako ya Aprili. Zilikaa chini ya kaunta, na kila nikikasirika nilizisukuma ndani zaidi kwa mguu.

Nitawaombea watoto ruhusa shuleni. Tarehe ishirini tunakuja, mimi na watoto. Msije stendi na mtu wa kunibebea mizigo, njooni ninyi wawili tu. Nataka nimwamkie Mama Lidwina mwenyewe, kabla sijafika nyumbani na kuanza kuona vitu vya Mama. Nikilia pale stendi, asidhani ni yeye.

Na asinipishe kiti kwa heshima. Akae mbele. Mimi na wanangu tutapanda nyuma.

Mwanao akupendaye,
Anjelika